Upepo unasingiziwa tu: maswali yenu ya kiko

SWALI: Salamu kwenu wote hapo. Mimi ni muzee mstaafu wa jeshi, nakaa Butiaba kando ya Ziwa Albert hapa Uganda, na kiko nimevuta miaka mingi sana. Nikiwa ndani ya nyumba hakinisumbui, kinawaka mpaka chini. Shida ni nikitoka nje jioni kukaa na wenzangu karibu na maji, kinazima, nawasha, kinazima tena, kiberiti kinaisha na stori hata haijaanza. Vijana hapa wananiambia nivute kwa nguvu ndo moto ushike, nimefanya hivo na sasa ulimi unaniuma mpaka chai siisikii ladha. Nifanye nini?
Muzee wa Butiaba

JIBU: Shikamoo muzee. Kwanza kabisa acha hio ya kuvuta kwa nguvu, leo hii hii, manake ndo inakuumiza na kiko bado hakiwaki.

Angalia kinachotokea. Upepo ukipita juu ya bakuli la kiko unaleta hewa nyingi kuliko unayovuta wewe, sasa tumbaku ya upande mmoja inaungua haraka haraka inakuwa jivu, chini yake panabaki shimo, kaa la moto linakosa tumbaku mbichi ya kugusa, linakufa. Wewe unaona moto umezima unawasha tena lakini unawasha jivu. Alafu ukivuta kwa nguvu joto linapanda, unyevu uliomo kwenye tumbaku unageuka mvuke, mvuke unateremka chini na kwenye shina unapoa unakuwa maji, ndo ile sauti ya kugugumia unayosikia, na tumbaku ya chini ikishalowa haitashika hata ukiwasha na kijinga cha moto. Huo mvuke wa moto ndo unaunguza ulimi. Kwa hio upepo una makosa yake lakini mara nyingi tunausingizia, kiko kinazima kwa sababu ya vile kilivyojazwa na vile kinavyovutwa.

Tuanze na tumbaku yenyewe. Huko kwenu najua wengi wananunua majani ya sokoni yaliyosokotwa, yale yanatoka West Nile au Bunyoro kwenyewe, na mara nyingi yanauzwa yana maji ili yawe mazito kwenye mzani. Kata nyembamba, tandaza kwenye karatasi kivulini, alafu pima kwa vidole: finya kidogo uachie, ikibaki donge bado ni mbichi, ikivunjika na kulia kakaka imekauka kupita kiasi na nje kwenye upepo itaungua kama petroli. Unayotaka ni ile inayojifungua polepole ukiachia. Ya kuvutia nje iwe kavu kidogo kuliko ya ndani, lakini kidogo tu.

Kujaza ndo penye kazi. Wavuta kiko wa Ulaya wana kanuni ya zamani, jaza mara tatu, ya kwanza kwa mkono wa mtoto, ya pili kwa mkono wa mama, ya tatu kwa mkono wa baba. Yani chini unadondosha tu na kugusa kidogo, katikati unakaza kiasi, juu unashindilia. Ukimaliza vuta kabla ya kuwasha: hewa ipite na ukinzani kidogo, ikipita bure umelegeza, ikigoma umekaza, mwaga uanze upya usione uvivu. Kwa nje mimi nashauri tabaka la juu ulikaze zaidi ya kawaida yako, upepo usipate nafasi ya kuingia katikati ya nyuzi, na uache nafasi kidogo mpaka ukingoni, usijaze mpaka mdomo, kwa sababu ule ukingo ndo ukuta wako wa kuzuia upepo.

Kuwasha ni mara mbili. Upe upepo mgongo, kinga bakuli kwa kiganja, njiti ya kiberiti iache kwanza ile dawa ya kichwani iungue iishe, alafu zungusha moto juu ya tumbaku yote huku ukivuta polepole. Tumbaku itavimba na kuinuka. Usiifuate, iache izime, shindilia taratibu hilo jivu kwa kichwa bapa cha msumari ama chochote kisichoungua, sasa ndo uwashe kweli. Watu wengi wanaovutia nje wanaruka hii ya kwanza kwa sababu upepo unawaharakisha, na hapo ndo kiko kinaharibika jioni nzima.

Baada ya hapo vuta kidogo kidogo, na kati ya kuvuta na kuvuta unaweza kupumulia hewa kidogo sana kurudi ndani ya shina, kaa linabaki hai bila kupata joto. Kidole kikae nusu juu ya bakuli upepo ukizidi. Kila ukiona moto unalegea shindilia kwa uzito wa msumari wenyewe, usikandamize. Na pima joto kwa shavu: gusisha bakuli, likikuchoma liweke chini lipoe, kiko cha mti kikipata moto sana mara kwa mara kinatoboka ubavuni na hapo hakuna fundi. Kikizima, kizime. Kuwasha upya sio aibu, hata ndani ya nyumba watu wanawasha mara mbili tatu.

Kuna pia kifuniko cha bati chenye matundu kinachokaa juu ya bakuli. Kinasaidia, hasa cheche zisiruke kwenye nyasi kavu ama paa la makuti, lakini pima upana wa kiko chako kwanza, na usitegemee kitakuokoa ukijaza vibaya. Na kwa kuwa uko ziwani, mchana nchi kavu ikipata joto upepo unatoka majini kuja kwenu, usiku unageuka, kwa hio kiti chako hakiwezi kuwa sehemu moja saa zote. Kaa nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa ama ukuta wa nyumba, na ugeuke nao.

Kuhusu huo ulimi, upumzishe siku kadhaa bila kiko. Ukiona kidonda ama doa jeupe mdomoni lisilopona wiki mbili nenda hospitali wakuangalie, nakuambia kwa upendo muzee, kiko hata usipomeza moshi kinaleta saratani ya mdomo na koo.

SWALI: Bibi yangu huku Kabale anavuta kile kiko cha udongo cha shina refu, asubuhi akikaa nje kwenye ukungu laita haiwaki vizuri na kiko kinalowa. Nimnunulie cha mti?
Mjukuu, Kabale

JIBU: Usimbadilishie bibi kiko chake. Laita inagoma kwa sababu ya baridi, gesi iliyomo ikipoa inakosa nguvu ya kutoka, mwambie aiweke ndani ya nguo karibu na mwili kabla ya kutoka, ama atumie kiberiti cha njiti. Tumbaku iwe kwenye kopo lenye kifuniko, isilale wazi usiku, ukungu wa huko unaingia kila kitu. Udongo unashika joto haraka basi ashike shina, na kiko kikiwa bado cha moto kisiwekwe kwenye majani yenye umande kitapasuka. Akimaliza pitisha unyoya wa kuku kwenye shina kutoa maji yaliyobaki.

SWALI: Naruhusiwa kuvuta kiko nje ya duka langu hapa Hoima mjini? Si ni nje, hewa tele.
Mfanyabiashara

JIBU: Hapana ndugu yangu. Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya 2015, iliyoanza kufanya kazi Mei 2016, inakataza kuvuta sehemu za umma, kazini na kwenye usafiri wa abiria, pia ndani ya mita 50 kutoka sehemu hizo, na duka ni sehemu ya umma. Kuwa nje hakukusaidii. Na kama unauza tumbaku hapo dukani, usimuuzie mtu yeyote chini ya miaka 21, hata akisema ametumwa na babu yake.