Kudurusu Historia ya Marekani, 1929 hadi 1945: Ushauri kwa Wanaoanza

Wanafunzi wengi ninaowasaidia kujiandaa kwa mtihani wa historia ya Marekani huja wakiwa wamekariri vifupisho vyote vya mashirika yaliyoundwa na serikali ya Rais Franklin Roosevelt, lakini wakiulizwa kwa nini shirika fulani lilihitajika, hukosa jibu. Kipindi hiki hakidurusiwi kwa orodha. Kinadurusiwa kwa swali ambalo Wamarekani wenyewe walibishania miaka hiyo yote: mtu anapopoteza kazi, akiba au shamba bila kosa lake, serikali kuu ina wajibu gani kwake?

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mtumie muda mwingi kwenye benki kuliko kwenye soko la hisa. Kuporomoka kwa bei za hisa mwezi Oktoba 1929 ndiko kunakokumbukwa zaidi, ila Wamarekani wengi hawakumiliki hisa hata moja, na Mdororo Mkuu, yaani anguko la uchumi la miaka ya 1930, uliwafikia wengi wao kupitia benki. Benki hupokea amana na kuzikopesha, kwa hiyo haiwezi kuwa na fedha taslimu za kuwalipa wateja wote kwa siku moja. Uvumi ukienea kwamba imeyumba, kila mwenye akiba hukimbilia kutoa fedha zake kabla ya mwenzake, na mbio hizo huweza kuiangusha hata benki iliyokuwa imara. Kati ya 1930 na 1933 maelfu ya benki yalifungwa, na kwa kuwa hapakuwa na bima ya amana ya taifa, watu wengi walipoteza akiba zao. Benki zilizosalia ziliogopa kukopesha, viwanda vikapunguza wafanyakazi, na kufikia 1933 takriban robo ya nguvukazi haikuwa na ajira.

Mkifika Machi 1933, someni polepole, siku baada ya siku. Roosevelt aliapishwa tarehe 4. Tarehe 6 alitoa amri ya kufunga benki zote nchini, na tarehe 9 Kongresi ikapokea na kupitisha sheria ya dharura ya benki siku hiyohiyo. Jumapili ya tarehe 12 alizungumza redioni, akawaeleza wananchi kwa lugha nyepesi jinsi benki inavyofanya kazi, na kwamba fedha zingekuwa salama zaidi katika benki iliyofunguliwa upya kuliko chini ya godoro. Benki zilipoanza kufunguliwa kesho yake, watu walipanga foleni kurudisha fedha walizokuwa wamezitoa, na kabla ya mwaka kwisha sheria ya bima ya amana ilikuwa imepitishwa. Mwanafunzi anayeweza kueleza wiki hiyo bila kutazama daftari amekielewa kiini cha New Deal, mpango mzima wa Roosevelt wa kuufufua uchumi, yaani serikali kuingia pale ambapo imani ya watu imevunjika.

Hata hivyo, msimwandike Hoover, rais aliyemtangulia Roosevelt, kama mtu aliyekaa tu. Mwaka 1932 serikali yake iliunda shirika la kuzikopesha benki na kampuni za reli. Alichokataa ni serikali kuu kumpa mwananchi mmoja mmoja msaada wa moja kwa moja, na hapo ndipo tofauti yake na Roosevelt ilipo.

Jambo linalopuuzwa mno, nami naliona zito kuliko yote, ni nani aliyeachwa nje. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 haikuwahusu vibarua wa mashambani wala watumishi wa nyumbani, na Wamarekani Weusi wengi wa Kusini walifanya kazi hizohizo. Malipo ya kupunguza kilimo cha pamba yalipitia mikononi mwa wenye ardhi, na wakulima wengi waliolima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba wakafukuzwa.

Epukeni pia kuandika kwamba New Deal peke yake ndiyo iliyoumaliza mdororo. Serikali ilipobana matumizi mwaka 1937, uchumi ulishuka tena. Mwaka 1940 ukosefu wa ajira bado ulikuwa karibu asilimia 15, iwapo waliopewa kazi za muda za serikali watahesabiwa kuwa hawana ajira. Ni matumizi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yaliyoushusha hadi chini ya asilimia 2 kufikia 1943.

Mapigano yenyewe ya vita hivyo mnaweza kuyapitia kwa haraka. Mitihani mingi huuliza zaidi kuhusu njia ya kuingia vitani, kutoka sheria za kutofungamana na upande wowote vitani, zilizoanza 1935, hadi shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, na kuhusu maisha ya raia ndani ya Marekani wakati wa vita. (Msomaji wa Lubumbashi atapenda kujua kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe, Katanga.)

Kwa zoezi la insha, chukueni amri mbili za Roosevelt. Ile namba 8802 ya Juni 1941 ilikataza ubaguzi wa rangi katika viwanda vya silaha, baada ya A. Philip Randolph, kiongozi Mweusi wa chama cha wafanyakazi, kutishia kuongoza maandamano Washington. Ile namba 9066 ya Februari 1942 ilifungua njia ya kuwaweka kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa kuzaliwa, na Mahakama ya Juu ikauidhinisha uhamishaji wao mwaka 1944. Andikeni ukurasa mmoja mkieleza ni shinikizo gani lililozaa kila amri, na kwa nini kundi moja lilisikilizwa ilhali jingine halikusikilizwa.