Uliza Tukujibu: Tarehe za Wanamuziki na Madaftari Yake

Barua za mwezi huu zimekuwa na tarehe nyingi kuliko nyimbo. Sababu, nadhani, ni zile kadi za kumbukumbu zinazotumwa kwenye simu kila asubuhi, ambazo hunakiliana wenyewe kwa wenyewe hata makosa. Nimechagua barua tano, na zilizosalia zitasubiri toleo lijalo.

*Ndugu mjibu maswali, salaam. Mwezi uliopita tulikuwa na shindano la chemsha bongo katika ukumbi mmoja hapa Moshi. Tuliulizwa ni mwanamuziki gani mashuhuri wa roki aliyezaliwa Tanzania tarehe 5 Septemba 1946. Kundi letu lilijibu kwamba hakuna, kwa kuwa mwaka huo Tanzania haikuwapo. Tulinyimwa pointi mbili na tukashika nafasi ya pili. Je, hatukuonewa? – Msomaji, Majengo, Moshi*

Kwa upande wa historia mlikuwa sahihi, na kwa upande wa mchezo mlikuwa wakaidi, kwa hiyo mimi ningewapa pointi moja. Aliyekuwa akitafutwa ni Freddie Mercury, ambaye alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, siku ya Alhamisi tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat nchini India, na baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Zanzibar ya wakati huo ilikuwa usultani uliokuwa chini ya himaya ya Uingereza, aliyekalia kiti akiwa Sultani Khalifa bin Harub, na Tanganyika ya ng'ambo ilikuwa nchi nyingine yenye utawala wake. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, Muungano ukafanyika tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, na jina la Tanzania likaanza kutumika rasmi mwezi Oktoba. Kwa hiyo jibu lisilo na dosari ni kwamba alizaliwa Zanzibar, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tanzania. Mwandishi wa swali alitaka kufupisha, na nyinyi mkataka kumsomesha historia wakati saa ya mchezo inakwenda. Safari nyingine ukatalieni utata wa swali kabla ya kujibu, maana baada ya pointi kutangazwa hakuna mwamuzi anayesikiliza.

Kuna jambo ambalo hamkuuliza, ila linahusiana. Mtoto huyo hakukaa sana Unguja. Alipofika umri wa miaka 8 hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Zanzibar akiwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Feltham, magharibi mwa London, yeye akiwa na miaka 17. Bendi ya Queen, ambayo yeye alikuwa mwimbaji wake, iliundwa mwaka 1970. Ndiyo maana mimi husita kidogo ninaposikia watu wetu wakidai kwamba muziki wake ni wa Kizanzibari. Kitovu ni chetu bila ubishi, lakini kazi yenyewe aliifanyia Uingereza. Mkitaka siku ya kumpigia santuri, fikirini pia tarehe 31 Oktoba, kwa sababu siku hiyo mwaka 1975 ndipo ulipotoka "Bohemian Rhapsody", wimbo wa dakika 5 na sekunde 55, urefu ambao vituo vya redio vya wakati ule havikuuzoea. Wimbo huo ulikaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wiki 9, kisha ukarudi hapohapo kileleni mara baada ya kifo chake cha tarehe 24 Novemba 1991.

*Mimi ni mwalimu mstaafu. Nakumbuka vizuri kwamba habari ya kuuawa kwa John Lennon niliisikia redioni siku ya Uhuru, mwaka 1980, nilipokuwa nikijiandaa kwenda kwenye gwaride. Mjukuu wangu ananionyesha kwenye simu kwamba ilikuwa tarehe 8 Desemba. Je, kumbukumbu yangu imeanza kuchakaa? – Mwalimu, Kaloleni, Arusha*

Shikamoo, Mwalimu. Kumbukumbu yako ni nzima, na simu ya mjukuu nayo haijakosea. Lennon, yule mwanamuziki wa Kiingereza aliyevuma na kundi la Beatles, alipigwa risasi mlangoni mwa jengo la Dakota alikokuwa akiishi, mjini New York, siku ya Jumatatu tarehe 8 Desemba 1980, mnamo saa 4:50 usiku. Mwezi wa Desemba New York huwa nyuma yetu kwa saa 8 kamili. Ukizijumlisha utapata saa 12:50 asubuhi ya Jumanne, tarehe 9, wakati ambapo jua la Arusha lilikuwa limekwishachomoza na watu wakipiga pasi nguo za kuvaa kwenye maadhimisho ya miaka 19 ya Uhuru wa Tanganyika. Hakuna redio yoyote hapa nchini ambayo ingeweza kukupa habari hiyo tarehe 8, hata kama mtangazaji angekuwa amesimama palepale mlangoni.

Desturi ya waandishi wa historia ni kuifuata tarehe ya mahali tukio lilipotokea, na kwa hiyo tarehe 8 ndiyo inayobaki vitabuni. Nikiri, hata hivyo, kwamba lugha yetu imejaliwa kifaa ambacho kingemaliza ubishi wa nyumbani kwako: tunaposema "usiku wa kuamkia" siku fulani, tunazishika tarehe zote mbili kwa mkono mmoja. Bob Marley, kwa mfano, aliimba katika uwanja wa Rufaro mjini Salisbury, ambao leo ni Harare, usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980, bendera ya Zimbabwe ilipopandishwa kwa mara ya kwanza. Katika maandishi ya kigeni utakuta tamasha hilo limewekwa tarehe 17 na kwingine tarehe 18, na wasomaji wakigombana, jambo ambalo mwandishi wa Kiswahili angelimaliza kwa maneno matatu.

Mwambie mjukuu pia kwamba tarehe 9 Oktoba ni siku ya kuzaliwa ya Lennon, mwaka 1940, na ya mwanawe Sean, mwaka 1975. Hapo saa za dunia hazina la kutuvuruga.

*Ni kweli kwamba Elvis Presley na David Bowie walizaliwa siku moja? – Msomaji, Kijenge, Arusha*

Tarehe moja ndiyo, mwaka sivyo. Elvis alizaliwa Tupelo, jimbo la Mississippi, tarehe 8 Januari 1935, na Bowie alizaliwa London tarehe 8 Januari 1947. Kwa miaka kadhaa ya 1970 walikuwa pia chini ya kampuni moja ya santuri, RCA. Bowie alitoa albamu yake ya mwisho siku alipotimiza miaka 69, akafariki siku mbili baadaye, tarehe 10 Januari 2016.

*Mimi napiga gitaa katika bendi ndogo inayotumbuiza hotelini, na mwezi Machi natimiza miaka 27. Mama yangu amesikia kanisani kwamba wanamuziki hufa wakiwa na miaka 27, na sasa ananisihi niache muziki kwa mwaka mmoja tu. Nimweleze nini? – Kijana wa Sakina, Arusha*

Mweleze kwanza hofu hiyo ilikotoka, kwa sababu haikuzuka hewani. Brian Jones wa Rolling Stones alikufa tarehe 3 Julai 1969, Jimi Hendrix tarehe 18 Septemba 1970, Janis Joplin tarehe 4 Oktoba 1970, na Jim Morrison tarehe 3 Julai 1971, ambayo ni miaka miwili kamili baada ya Jones. Wote wanne walikuwa na miaka 27. Kurt Cobain alipokufa mwaka 1994 kwa umri huohuo hesabu ikafufuliwa, na Amy Winehouse alipofuata mwaka 2011 ikawa kama imani.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2011, jarida la tiba la Uingereza liitwalo BMJ lilichapisha utafiti uliowafuatilia wanamuziki 1,046 waliowahi kushika namba moja kwa albamu nchini humo kati ya mwaka 1956 na 2007. Kati yao 71 walikuwa wamefariki, na watafiti hawakuona kwamba vifo viliongezeka katika umri wa miaka 27. Walichokiona ni kwamba wanamuziki mashuhuri wenye umri wa miaka ya ishirini na thelathini walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili hadi tatu zaidi ya watu wa kawaida wa rika lao. Sisi huwakumbuka wa miaka 27 na kuwasahau wengine: Otis Redding alikufa akiwa na miaka 26, Buddy Holly 22, Bob Marley 36, na Mbaraka Mwinshehe wetu alikuwa na miaka 34 ajali ya gari ilipomuua Mombasa, Januari 1979.

Kwa hiyo mama yako amekosea umri, ila hajakosea kuwa na wasiwasi. Badala ya kuacha gitaa, mwahidi kwamba hutarudi nyumbani usiku wa manane juu ya bodaboda ya dereva aliyelewa, nawe usiwe umelewa. Nina hakika atakubali.

*Baba yetu alipiga gitaa la besi katika bendi ya dansi mjini Moshi alipokuwa kijana. Tunataka kumfanyia sherehe ya miaka 80, lakini kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Julai, na yeye mwenyewe anasema aliandikiwa tu na karani. Bibi, kabla hajafariki, alituambia kwamba alizaliwa masika. Tufuate lipi? – Watoto wake, Marangu*

Baba yenu yumo katika kundi la heshima. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa New Orleans, aliishi maisha yake yote akisema kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, siku ya uhuru wa Marekani, na dunia ikamshangilia kwa tarehe hiyo hadi alipofariki mwezi Julai 1971. Katika miaka ya 1980 likapatikana daftari la ubatizo la kanisa Katoliki la mjini kwao, na ndani yake imeandikwa kwamba alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901. Karani wa kanisa alimshinda hata mwenye siku. Kwa upande mwingine yuko Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, ambaye siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Mwaka wa 1910 unaotajwa ni makadirio, na jambo hilo halikuizuia dunia kumtunza tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005.

Nyinyi mko karibu zaidi na Armstrong, kwa sababu huko Marangu makanisa yalianza kuandika madaftari kabla baba yenu hajazaliwa. Nendeni kwenye usharika au parokia aliyobatizwa, mkiwa na jina lake la ubatizo, majina ya wazazi wake na, mkiweza, ya wasimamizi wake, kisha mwombe katibu afungue kurasa za miaka mitatu hivi kuzunguka mwaka unaodhaniwa. Tafuteni safu ya tarehe ya kuzaliwa, msiichanganye na ile ya kubatizwa, ambayo huweza kuchelewa kwa wiki au miezi. Mkikuta tarehe ya Machi, Aprili au Mei, Bibi atakuwa amesema kweli.

Daftari likikosekana, msibuni tarehe. Andikeni kwenye kadi "masika" na mwaka, na sherehe yenyewe ifanyeni Desemba, wakati watoto na wajukuu wote watakuwa wamepanda kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja kula Krismasi nyumbani. Na ikiwa gitaa lake bado limetundikwa ukutani, likagueni mapema: nyuzi za besi hununuliwa kwa seti, na si jambo la kwenda kutafuta Moshi mjini tarehe 24 jioni.