Tunamsherehekea au tunamuenzi?

Msomaji wetu anaandaa maneno ya kumkumbuka Lois Maxwell, yule mama wa Kanada aliyecheza Miss Moneypenny kwenye filamu za James Bond. Kaandika "Tunamsherehekea mwigizaji msaidizi wa filamu klasiki za kijasusi", rafiki yake kamwambia hicho sio Kiswahili, sasa anauliza nani yuko sahihi.

Kwa hilo neno la kwanza rafiki yako yuko sahihi kabisa. Kusherehekea kunataka siku au jambo, tunasherehekea Idi, harusi, ubingwa wa timu, ila mtu mwenyewe tunamuenzi. Si unasikia kila Oktoba 14 Tanzania watu wanavyosema kumuenzi Mwalimu Nyerere? Na neno lenyewe ni zito, enzi ni ukuu, ndio hiyo hiyo ya kiti cha enzi, ndio iliyomo ndani ya Mwenyezi, kwa hiyo ukimuenzi mtu unampa hadhi yake na unakataa kazi yake isahaulike. Lois alifariki 2007, kwa hiyo kuenzi kunamkaa vizuri sana, angekuwa hai ungeweza pia kusema tunampongeza, au kama vijana wa siku hizi, apewe maua yake. Siku yake ya kuzaliwa, Februari 14, hiyo sherehekea tu bila wasiwasi.

"Mwigizaji msaidizi" sio kosa, kwenye tuzo linatumika, lakini likikaa peke yake mtu anaweza kudhani ni msaidizi wa mwigizaji, yule wa kumshikia nguo. Mi ningetaja alichofanya. Mtaani anayebeba picha tunamwita stelingi, na Moneypenny hakuwa stelingi, anatokea dakika chache tu pale mezani nje ya ofisi ya M, yule bosi wa Bond, Bond anarusha kofia, wanataniana, basi. Ila mama huyu alifanya hivyo kwenye filamu 14, toka 1962 mpaka 1985, mastelingi watatu wakapita mbele yake, Sean Connery, George Lazenby, Roger Moore, yeye yuko palepale na unamngoja kila picha!

"Klasiki" nalo liache, tunalo letu tamu, isiyochuja. "Kijasusi" ni sawa, usiliguse.

Andika hivi: Tunamuenzi Lois Maxwell, aliyecheza Moneypenny kwenye filamu 14 za kijasusi zisizochuja.