Mwanangu ana presha: ndiyo inayomfanya aongee kwa kujivuta asubuhi?

SWALI: Shikamooni wataalamu. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Juzi alipotoka shule nilimpitisha duka la dawa, wakampima presha ikasoma 132/85. Asubuhi anaongea kwa kujivuta, maneno hayaeleweki mpaka saa nne hivi. Jioni anamwaga maneno bila kituo. Usiku anakoroma sana. Je, ni presha inapanda na kushuka?
Mama wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa wasiwasi. Presha kwa kawaida hushuka mtu akilala na kupanda anapokaribia kuamka, lakini mabadiliko hayo hayaendeshi kasi ya maneno. Ni kinyume chake: kuongea ndiko kunakopandisha presha. Mtoto akijibu maswali huku mkanda unajaa upepo, namba itatoka juu kuliko ilivyo.

Kwa hiyo tuanze na kipimo. Kama mwanao alifika anahema, namba ilipanda. Kama alivalishwa mkanda wa mtu mzima, namba ilishuka, maana mkanda mkubwa hudanganya kwenda chini na mdogo hudanganya kwenda juu. Makosa mawili yanavutana, na hakuna ajuaye ukweli uko wapi. Hata hivyo 132/85 kwa mtoto wa miaka 9 si namba ya kupuuza. Arudie ndani ya wiki hii, zahanati au kituo cha afya chenye mkanda wa watoto. Mzunguko wa mkono wake juu ya kiwiko ukiwa sm 20, mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uwe na upana usiopungua sm 8 na urefu wa sm 16 hadi 20. Akojoe kwanza, akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, mkono wa kulia umelazwa usawa wa moyo. Apimwe mara 2 au 3. Namba ya mtoto wa chini ya miaka 13 hulinganishwa na jedwali la umri, jinsia na urefu, si ile 140/90 ya watu wazima.

Sasa kukoroma. Hapa ndipo tungetazama kwanza. Tezi za koo zikivimba, mtoto hukosa hewa kwa sekunde kadhaa, hushtuka, hulala tena, usiku kucha. Anaamka hajapumzika, ulimi mzito, sauti ya puani. Ikifika jioni uchovu humfanya apaparike. Hali hiyohiyo hupandisha presha. Usiku mmoja kaa kando yake na saa: akinyamaza pumzi kisha akakurupuka kwa mkoromo, mweleze daktari hivyohivyo, na aangaliwe koo.

Presha ya mtoto mdogo mara nyingi ina chanzo, na figo ndizo hutajwa zaidi. Mkojo upimwe protini na damu. Sema kama wiki chache zilizopita alikuwa na vidonda vya ngozi au koo, kama kope zinavimba asubuhi, au kama mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Daktari apapase pia mapigo ya kinenani. Yakiwa hafifu, huenda mshipa mkuu wa damu umebana.

Nyumbani punguza chumvi. Ya Uvinza ni chumvi kama nyingine, haina nafuu. Dagaa waliotiwa chumvi waloweke, umwage maji, ndipo upike. Na tafadhali, asipewe kidonge cha presha cha bibi yake hata nusu.

Jambo moja halisubiri asubuhi: maneno yakipotea ghafla, mdomo ukaenda upande, au akapata degedege, kichwa kikali na kutapika, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, Kigoma mjini iko Maweni. Kama ana selimundu (siko seli, ugonjwa wa kurithi wa damu), taja mlangoni kabla ya kuulizwa, kwani watoto wenye ugonjwa huo wako katika hatari kubwa ya kiharusi.