Infinity: ARO inatamkwa wakati gani

Ukikuta watu wanabishana katikati ya Infinity, mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari, mara nyingi chanzo ni ARO iliyotamkwa mapema mno au iliyochelewa. Maelezo haya yanafuata toleo la N4, lililotolewa na Corvus Belli ya Hispania mwaka 2020.

ARO (kifupi cha Automatic Reaction Order) ni jibu la askari ambaye si zamu yake. Kama umezoea Warhammer 40,000, mchezo mwingine wa sanamu, acha mazoea ya huko. Katika toleo la 10 la mchezo huo, kumfyatulia adui anayesogea katika zamu yake kunagharimu pointi ya amri, na unaruhusiwa mara moja tu kwa zamu. Kwenye Infinity hulipi chochote. Mpinzani akitumia agizo kuendesha askari wake, kila askari wako mwenye haki anajibu, hata wawe watano, hata kama wote walijibu agizo lililopita. Kikomo ni jibu moja kwa kila askari kwa kila agizo.

Haki hiyo huja hasa kwa njia mbili: adui amefanya jambo huku askari wako akimwona (uso wake unafunika nyuzi 180 za mbele, kwa hiyo chora alama kwenye kitako cha sanamu), au amelifanya ndani ya inchi 8 kutoka kwa askari wako, hata kama kuna ukuta kati yao.

Agizo la kawaida lina nusu mbili. Mwenye zamu anatamka nusu ya kwanza, tuseme kutembea, anapima njia na kuweka sanamu inapoishia. Hapo ananyamaza. Wewe unatamka majibu ya wote wenye haki. Kisha yeye anatamka nusu ya pili, na askari wako ambao wamepata haki kwa nusu hiyo tu ndio wanajibu sasa. Masafa, nyongeza, makato na dadu vinafuata baada ya hayo yote.

Huko kunyamaza ndiko wageni wanakokuruka. Wanasema “natembea halafu nafyatua” kwa pumzi moja, na mpinzani anachagua jibu huku akijua kila kitu. Mwenye zamu amepoteza faida yake kubwa kuliko zote, yaani kusikia jibu kabla ya kuamua nusu ya pili. Na wewe unayejibu, usipaze sauti “nafyatua!” sanamu ikiwa bado mkononi mwa mwenzako. Ngoja iwekwe chini.

Kosa linaloumiza zaidi ni kusubiri makusudi. Ukiwa na haki katika nusu ya kwanza ukakaa kimya, huwezi kujibu ya pili. Askari wako ataangalia tu akipigwa risasi. Kwa hiyo chagua jibu linalovumilika kwa lolote atakalofanya. Ukisema unakwepa, naye akaamua kupita zake, umemwachia njia. Ukisema unafyatua, naye akaendelea kutembea, risasi yako haina wa kuipinga. Akifyatua, mnashindana dadu kwa dadu.

Tazama mashindano hayo kwa karibu. Wote wawili wana uwezo wa kufyatua 12 na bunduki ya Combi, wako umbali wa inchi 14, ambapo bunduki hiyo inaongeza 3. Wewe umejikinga, hivyo yeye anakatwa 3 na kubaki na 12. Yeye yuko wazi, hivyo wewe una 15. Anarusha dadu tatu za nyuso 20 kwa sababu ni zamu yake. Wewe unarusha moja. Yeye anapata 7, 11 na 16, wewe 13. Ile 16 imevuka 12, imekosa. Zako 13 hazijavuka 15 na zinazizidi 7 na 11, kwa hiyo risasi zake zote zinafutika na yako inampata. Lakini angepata 12 kamili, hiyo ingekuwa kritiko (dadu iliyoangukia namba yenyewe anayohitaji) na ingeishinda 13 yako.

Wakijibu wawili, mwenye zamu lazima aseme anavyogawa dadu zake pale anapotamka kufyatua. Akizielekeza zote kwa mmoja, yule wa pili anafyatua bila upinzani, na yote huhesabiwa kutokea kwa wakati mmoja. Hakuna kusema “wa kwanza ameshakuua, kwa hiyo risasi yako haipo.”

Zile inchi 8 hazipimwi kabla ya kutamka. Ukikisia, kipimo kikaonyesha inchi 9, jibu limepotea bure. Hilo ni la haki, hata kama linauma. Acheni pia sarafu pale askari alipoanzia, maana huenda alionekana katikati ya njia tu, na bila alama hiyo hakuna wa kuthibitisha.

Mezani, mwenye zamu aondoe mkono kwenye sanamu na aulize: “ARO?” Anayejibu ataje mmoja mmoja huku akigusa sanamu: “Huyu anafyatua. Huyu anakwepa. Wa juu ya paa haoni.” Kisha aseme “basi,” na nusu ya pili itamkwe.