Re: Gitaa moja la hela ndefu linalopiga kila kitu, D-28 au 814ce?

Chalii wangu wa Moshi, kwa ulivyoeleza, kwaya Jumapili, vidole nyumbani usiku na zilipendwa kidogo kwenye harusi, mi D-28 ya Martin ningeiacha kwanza. Ni gitaa zito kwa kucharaza na piki (kile kiplastiki cha kuchapia nyuzi), besi yake inajaza chumba, lakini hiyohiyo besi ukianza kupiga kwa vidole taratibu inameza nyuzi za juu, halafu bodi lake kubwa likikaa kwenye paja masaa mawili bega linalalamika. Taylor 814ce ina kiuno chembamba, imekatwa pale chini ya shingo so vidole vinafika noti za juu kabisa bila shida, na pikapu (kinasa sauti cha gitaa) imo ndani tayari, kanisani unachomeka kwenye miksa basi.

Ila kama sikio lako linapenda sauti ya Martin (langu linapenda, sitaki kesi na mtu), tafuta OM-28. Mbao zilezile za D-28, sprusi juu na rozwudi nyuma, ila bodi dogo, nyuzi zinasikika zimelingana, shingo juu kule ina upana wa kama milimita 44.5, vidole havigongani. Pikapu utaweka mwenyewe baadaye.

Na usinunue bila kulishika, hata kama jamaa anakuja nalo toka Marekani mwambie akurekodie kwanza. Likifika liweke kwenye kesi (boksi lake), unyevu wa hewa humo uwe asilimia 45 mpaka 55, kipindi cha ukame mbao inapasuka hivihivi. Bajeti yako mwisho ngapi?