Maswali ya Wasomaji: Bastola ya Mtumba wa Jeshi na Triga Ngumu

Swali: Fundi habari za kazi. Mi ni mlenga shabaha wa wikiendi tu, kibali ninacho. Nimepata bastola mbili zilizotoka stoo za jeshi, P-64 ya Poland na Tokarev TT-33, na muuzaji anasema zote safi. Roho inaipenda P-64 maana ni ndogo na inang'aa, ila nilipovuta triga bila kukoki nyundo (yaani bila kuivuta nyuma kwanza) nilidhani imekwama, nikamrudishia nikijua mbovu. Nichukue ipi, na hiyo triga inatengenezeka? – *Kidole Kimechoka*

Jibu: Pole sana kaka, haijakwama, ndo ilivyozaliwa. P-64 ukiivuta bila kukoki inataka nguvu ya zaidi ya kilo 10, sasa chukua ndoo ya lita 10 imejaa maji, itundike kwenye kidole chako cha shahada alafu jaribu kulenga shabaha, ndo utaelewa ulichokuwa unafanya pale. Springi ya nyundo waliifanya kali makusudi, jeshi linataka risasi ilipuke kila ikigongwa hata kama prima yake (kile kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi) ni ngumu, na askari hajaulizwa kama kidole kinauma. Ukishaikoki kwa dole gumba triga yake ni nyepesi tu, haina shida yoyote.

Kabla ya mambo ya triga tuongee kuhusu kununua, maana hapo ndo watu wengi wanalia. Kung'aa kwa nje kusikuchanganye hata kidogo, stoo nyingi zilizipaka rangi upya kabla ya kuziuza. Wewe nenda na tochi ndogo na kipande cha karatasi nyeupe. Toa magazini, vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza) nyuma, kagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na kwa kidole uhakikishe iko tupu, alafu umwombe muuzaji aifungue, weka karatasi upande wa chemba, mulika, uchungulie mtutu. Unatafuta ile mifereji ya ndani iwe na kingo kali, hasa pale mdomoni. Vijishimo vidogo vya kutu sio mwisho wa dunia, nimeshapiga shabaha nzuri tu na mtutu wenye madoa kama uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga. Ila ukiona pete moja nyeusi imezunguka mtutu mahali pamoja, rudisha mezani uondoke, hiyo ni dalili kwamba risasi ilikwama humo na nyingine ikaja ikaigonga kwa nyuma, mtutu ukavimba.

Namba zilizogongwa kwenye slaidi na fremu zifanane. Zisipofanana haimaanishi ni mbovu, inamaanisha vyuma vimekutana stoo na havijazoeana, kwa hiyo punguza bei. Alafu uliza magazini ngapi zinakuja nayo, na uangalie midomo yake kama imepinda, maana bastola inayokwama kila mara mara nyingi kosa ni la magazini wala sio la bastola yenyewe, na magazini ya kizamani ikipotea kuipata nyingine ni kazi.

Ukifika nayo nyumbani usikimbilie kiwanja cha shabaha. Hizi bastola zinalala miaka kwenye grisi nzito ya kahawia, na ile grisi inaganda. Ya kwangu ya kwanza niliisafisha nje vizuri kabisa, nikaenda kupiga, risasi tatu kati ya nane zikagoma. Nilipokuja kufungua slaidi nikakuta kwenye tundu la pini ya kugongea kuna kitu kama sabuni ya mche, pini inasogea kama imezama kwenye asali. Nilikuwa na bahati iligoma tu, maana pini ikigandia mbele bastola inaweza kujilipukia yenyewe slaidi ikijifunga. Kwa hiyo mafuta ya taa, mswaki, madirisha wazi, na kila tundu lipitishwe kijiti cha pamba mpaka kitoke cheupe.

Haya, triga sasa. Inatengenezeka, tena bila kusugua chuma chochote. Wapo watu wanauza springi ya nyundo iliyopunguzwa makali kwa ajili ya P-64, unabadilisha na triga inashuka vizuri sana. Ila sikiliza hapa, watu wanapasahau. P-64 haina kufuli ya kushika slaidi na mtutu pamoja, slaidi inazuiliwa na uzito wake, springi yake, na ile kazi ya kuirudisha nyundo nyuma, basi. Ukilegeza springi ya nyundo umeondoa breki moja, slaidi inarudi kwa kasi zaidi na kugonga fremu, ndo maana wauzaji wengi wanaiuza pamoja na springi ya slaidi iliyo nzito kidogo. Badilisha zote mbili. Na usianze na ile laini kuliko zote, anza na iliyopungua kidogo, piga risasi 50 za aina ileile utakayotumia siku zote, okota zilizogoma uangalie alama kwenye prima. Kikiwa kishimo hafifu panda springi ngumu zaidi.

Hata ukishamaliza yote haya itabaki na teke kali, ina kama gramu 620 tu na inapiga risasi ya 9x18, ileile ya Makarov, bastola ya Kirusi. Usije ukachanganya na 9x19 ya kawaida, zinafanana jina tu, kichwa cha risasi ya Makarov ni kinene, milimita 9.27.

Ukiniuliza mimi, kwa mtu wa shabaha ningechukua Tokarev. Nyundo yake na vyuma vyake vinatoka kwa pamoja kama kaseti, springi ya nyundo imekaa ndani ya nyundo yenyewe, kusafisha ni dakika mbili, na triga ni ya kukoki tu kwa hiyo hutapata ule mzigo wa ndoo. Ubaya wake, kiasili haina sefti ya kidole, ina ile nusu-koki tu (nyundo inashikwa katikati ya safari), na mimi siiamini nusu-koki ya chuma cha miaka 70. Beba chemba tupu. Muuzaji akikuletea CZ 52, bastola ya Czechoslovakia, kama mbadala nayo ni nzuri, ila usiipige kavu kabisa (kuvuta triga bila risasi ndani), pini yake ya asili inavunjika kama biskuti, na kile kitufe cha kushusha nyundo usikiguse risasi ikiwa ndani.

Swali: Niliona video jamaa anasugua kimeno kinachoshikilia nyundo, nikafanya hivyohivyo kwa msasa na mashine ndogo ya kuzunguka. Triga ikawa tamu balaa. Jana nimevuta mara moja zimetoka mbili. Nirekebishe vipi pembe? – *Nimeharibu*

Jibu: Hurekebishi. Toa risasi, ifungie kabatini, na isirudi kiwanjani. Kimeno hicho mara nyingi kimekomazwa juujuu tu, ile ngozi ngumu ni nyembamba mno, wewe umeshaipita uko kwenye chuma laini kinachoendelea kulika kila ukipiga. Pembe utakayoitengeneza leo wiki ijayo haipo. Tafuta kimeno kipya na nyundo mpya, fundi mwenye leseni avikalishe pamoja, na ujue kuna nchi bastola inayotoa mbili kwa mvuto mmoja inahesabika ni silaha ya rashasha, hawatakuuliza kama ulikusudia.

Ikirudi ipime ikiwa tupu. Ikoki, sukuma nyundo mbele kwa dole gumba kwa nguvu, isianguke. Vuta slaidi uiachie ijipige yenyewe mara kumi, nyundo ibaki nyuma mara zote kumi. Alafu kiwanjani weka risasi moja, ukiridhika weka mbili tu kwenye magazini, zikitoka pamoja angalau hakuna ya tatu.

Swali: Tokarev yangu nimepiga risasi za zamani za jeshi, nikaipaka mafuta mengi, baada ya siku nne mtutu una kutu! Mafuta feki? – *Mwenye Hasira*

Jibu: Mafuta hayana kosa ndugu yangu. Prima za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ikilipuka inabaki chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa. Mafuta hayayeyushi chumvi, wewe uliifunika tu ikawa inakula chuma chini kwa chini. Siku hiyohiyo ya kupiga pitisha maji ya moto kwenye mtutu, chemba na uso wa slaidi, kausha kabisa, alafu ndo mafuta. Kesho yake chungulia tena kwa kitambaa cheupe, kikitoka na rangi ya chai rudia maji.